Kwa Watu wa Mtaa Ule: Gwendolyn Brooks na Ushairi Wake



Jioni ya leo namzungumzia Gwendolyn Brooks, mshairi aliyezaliwa Topeka, Kansas, tarehe 7 Juni 1917, akapelekwa Chicago akiwa mchanga wa wiki chache tu, akaishi huko mpaka alipofariki tarehe 3 Desemba 2000. Mwaka 1950 alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer, na kabla yake hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata. Hiyo ndiyo habari inayotangulizwa kila anapotajwa. Habari inayofuata huwa ni kwamba maisha yake yana vipande viwili: hadi 1967 alikuwa fundi wa soneti aliyependwa na wahakiki weupe, baada ya hapo akazinduka, akawa Mweusi.

Simulizi hiyo siikubali. Ina ukweli ndani yake, na Brooks mwenyewe aliieneza, maana katika tawasifu yake ya mwaka 1972, Report from Part One, aliihukumu kwa ukali mitazamo yake ya awali. Lakini mshairi anaweza kuyaonea mashairi yake mwenyewe. Nikisoma kitabu chake cha 1945 sambamba na cha 1968, nawakuta watu walewale, vyumba vilevile, dhiki ileile. Kilichobadilika ni nani anayeandikiwa, na kitabu kinapitia mikono ya nani mpaka kimfikie. Wahakiki hulipita jambo hili mbio kwa sababu linahusu fedha na uchapishaji. Mimi naliona kuwa ndilo lililobeba utambulisho wake.

Tuanzie mahali penyewe. Bronzeville ni sehemu ya kusini mwa Chicago ambako Wamarekani Weusi walifurika walipoyakimbia mashamba ya pamba na manyanyaso ya majimbo ya Kusini. Chicago iliwapa kazi kwenye machinjio na viwanda vya chuma, kisha ikawabana katika ukanda mwembamba wa mitaa. Kilichowabana ni mikataba ya wenye nyumba weupe, iliyoandikwa kwenye hati za umiliki, ikikataza nyumba kuuzwa au kupangishwa kwa mtu mweusi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuitilia nguvu mikataba hiyo mwaka 1948 tu. Kwa kuwa watu waliongezeka na eneo halikupanuka, wenye nyumba walizikatakata fleti kubwa kwa kuta za mbao. Kila familia ikapewa chumba kimoja au viwili vyenye jiko la kona, na bafu na choo vya kushirikiana na majirani. Brooks na mumewe, Henry Blakely, waliooana mwaka 1939, walianzia maisha katika vyumba vya namna hiyo na kumlelea humo mtoto wao wa kwanza. Hatimaye wakapata kijumba cha ghorofa ya pili kwenye kona ya barabara. Ameeleza kwamba hakuhitaji kwenda mbali kutafuta la kuandika: alitazama dirisha la upande huu, kisha la upande ule, na habari zote zilikuwa hapo chini.

Nyumbani alikozaliwa kulikuwa na vitabu, fedha hazikuwapo. Baba yake, David, alikuwa mwana wa mtumwa aliyetoroka. Alisoma mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Fisk akitamani udaktari, akaishia kufanya kazi ya usafi na utunzaji wa jengo katika kampuni ya kuchapisha muziki. Mama yake, Keziah, aliyewahi kuwa mwalimu, alikata shauri mapema kwamba binti huyu atakuwa mshairi, akampunguzia kazi za nyumbani ili apate muda wa kuandika. Akiwa na miaka 13 shairi lake lilitoka katika jarida la watoto. Alipokuwa kijana, gazeti la Weusi la Chicago Defender lilimchapishia mashairi takriban 75. Mama ndiye aliyemshika mkono akampeleka kanisani kumwona mshairi Langston Hughes, naye Hughes akayasoma mashairi ya msichana palepale na kumtia moyo. Mshairi James Weldon Johnson, kwa njia ya barua, alimwambia ajifunze kwa washairi wa kisasa. Elimu yake rasmi ilikomea kwenye chuo cha miaka miwili, mwaka 1936. Naomba wanafunzi mlioko hapa mlikumbuke hilo mtakaposikia orodha ya shahada za heshima alizotunukiwa baadaye.

Mwaka 1941 alijiunga na warsha ya ushairi katika kituo cha sanaa cha South Side. Mwalimu alikuwa Inez Cunningham Stark, mwanamke mweupe wa tabaka la matajiri, aliyekuwa akitoka mtaa wake wa kifahari kuja kuwafundisha vijana weusi huku wenzake wakimshangaa. Humo shairi lilikatwa mbele ya mwenye nalo bila huruma. Aliyekulia katika ubishi wetu wa vina na mizani ataelewa Brooks alipata nini pale. Hakufundishwa kuiabudu kanuni wala kuidharau, alifundishwa kujua kila kanuni inabeba uzito gani. Kitabu chake cha kwanza, A Street in Bronzeville, kilichotoka mwaka 1945, kinafungwa na soneti 12 kuhusu askari weusi wa Vita Kuu ya Pili, watu waliokuwa wakipigania uhuru wa wengine ndani ya jeshi lililowatenga kwa rangi. Vina vya soneti hizo havikutani sawasawa. Alieleza kwamba alivipindisha makusudi kwa sababu hali yenyewe ilikuwa imepinda. Huyo ndiye mshairi ambaye tunaambiwa alikuwa bado hajazinduka.

Mswada wa kitabu hicho ulipofika kwa wachapishaji Harper wa New York, walimpa mwandishi Richard Wright ausome. Wright aliusifu kwa moyo mweupe, ila alikuwa na shaka na shairi moja, lile la mwanamke anayezungumza na watoto ambao hakuwazaa kwa sababu alitoa mimba. Wright aliona kuwa jambo hilo halifai kuwa shairi. Brooks akaliacha mahali pake. Mwanamke katika shairi lile hajitetei wala hajihukumu moja kwa moja. Anawaambia wale watoto kuwa aliwajua, kisha anahangaika na maneno yake mwenyewe, anasema na kujirekebisha, kwa sababu kila namna ya kulieleza tendo lile inamponyoka. Nimelifundisha shairi hili kwa wanafunzi wenye misimamo inayopingana kabisa kuhusu utoaji mimba, na kila mara darasa limeishia kumsikiliza mwanamke huyo kabla ya kumbishia. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa shairi.

Kisha ikaja 1950. Kitabu chake cha pili, Annie Allen, cha mwaka 1949, kina utenzi mrefu wa beti 43 wenye lugha ngumu na ya fahari, kuhusu msichana wa kawaida wa Bronzeville, ndoto zake za mapenzi, na mume anayerudi vitani akiwa amebadilika. Mwanahabari alipompigia simu kumpa habari ya Pulitzer, nyumbani kulikuwa giza: umeme ulikuwa umekatwa kwa kutolipiwa. Kesho yake wapiga picha wakaja na mitambo yao, yeye akasubiri kwa hofu wachomeke waya ukutani na aibu ionekane. Taa zikawaka. Kuna mtu alikuwa ameshalipa au ameshaomba, hakujua nani. Alikisimulia kisa hiki mara nyingi katika uzee wake, na mimi nakitaja kwa sababu kinaonyesha tuzo ilimkuta wapi. Wale waliompa waliona kwamba mshairi mweusi ameingia nyumbani kwao. Yeye alibaki mpangaji wa South Side.

Riwaya yake pekee, Maud Martha, ilitoka mwaka 1953, na kwangu ndicho kitabu chake kilichodharauliwa kuliko vyote. Ina sura fupi 34, nyingine za kurasa chache tu. Maud Martha ni mweusi sana wa ngozi. Dada yake, Helen, ndiye anayehesabiwa kuwa mzuri. Mumewe, Paul, ni maji ya kunde anayetamani wanawake weupe zaidi ya mkewe na hajui kulificha. Kuna sura ya dansi ambamo Maud Martha anakaa pembeni akimtazama mumewe akicheza na mwanamke mwenye ngozi angavu. Anafikiri angeweza kwenda kumkwaruza yule mwanamke, halafu anaona kwamba hasira hiyo haitaugusa mzizi wa jambo. Kuna sura nyingine ndani ya duka la nguo na vikorokoro, ambako Mzee Krismasi mweupe anawachekea watoto weupe na kumtazama binti wa Maud Martha kana kwamba hayupo. Mama analazimika kumwongopea mtoto kuwa mzee yule anampenda.

Brooks aliyajua hayo kwa ngozi yake. Shuleni alikuwa akitengwa na watoto weusi wenzake waliokuwa maji ya kunde, wenye nywele laini, watoto wa wenye nafasi. Kwa hiyo utambulisho ulimfikia kwanza kama jeraha la ndani ya jamii yake mwenyewe, kabla haujawa bendera ya kuinua mbele ya Wazungu. Watu wanaotaka kuanza hesabu ya Weusi wake mwaka 1967 wanalazimika kukiruka kitabu hiki, na ndivyo wanavyofanya. Katika jamii zetu ambako dawa za kung'arisha ngozi zinauzwa mchana kweupe, Maud Martha hahitaji utangulizi.

Agosti 1955 mvulana wa Chicago mwenye miaka 14, Emmett Till, aliyekwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi, alitekwa na kuuawa kwa madai kwamba alimkosea heshima mwanamke mweupe. Mama yake aliagiza jeneza liachwe wazi ili dunia ione. Wauaji waliachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa weupe. Brooks alikuwa mama wa mvulana wa umri uleule katika mji uleule. Mtu angetarajia amwandikie mama mfiwa, na alimwandikia, mistari michache sana. Shairi refu alilipeleka Mississippi, jikoni kwa mwanamke mweupe aliyekuwa chanzo cha kesi. Mwanamke huyu anapika kifungua kinywa, nyama inaungua, na akilini mwake anajaribu kuipanga habari yote kama ngano za zamani alizosoma shuleni: binti mfalme, shujaa anayemwokoa, na jitu jeusi baya. Ngano inamshinda, kwa sababu lile jitu lilikuwa mtoto. Mumewe anampiga kofi mtoto wao mezani, na tangu hapo kila mikono hiyo inapomgusa anaona damu. Shairi linakwisha chuki ikichanua moyoni mwake dhidi ya aliyeua kwa jina lake.

Baadhi ya wasomaji huuliza kwa nini aingie moyoni mwa yule mwanamke badala ya kusimama na mfiwa peke yake. Naona alijua kwamba mauaji ya namna ile yanahitaji ngano ili yatendeke, na ngano hiyo ilikuwa inaishi katika jiko lile. Akaenda kuivunjia hukohuko. Shairi hilo limo katika The Bean Eaters, kitabu cha mwaka 1960. Humo humo mna shairi lake linalosomwa kuliko yote, kuhusu vijana saba aliowaona wakicheza pool saa za shule. Lina maneno 24 tu kwa Kiingereza, na kila neno lina silabi moja. Kila sentensi inaanza na kiwakilishi chao wenyewe, nacho amekiweka mwishoni mwa mstari, kikining'inia. Alitaka kitamkwe kwa sauti ya chini, kwa sababu vijana wale hawakuwa na uhakika kwamba wapo.

Sasa tufike 1967. Majira ya kuchipua ya mwaka huo alialikwa kwenye mkutano wa waandishi weusi katika Chuo Kikuu cha Fisk, kilekile alichokiacha baba yake. Alitokea South Dakota, ambako hadhira ya weupe ilimpenda. Fisk aliheshimiwa kwa ubaridi. Vijana pale, akina Amiri Baraka, waliandika kwa ajili ya Weusi wenyewe, wakiwaita kwa majina yao, bila kumwangalia Mzungu begani. Alikuwa na miaka 49, na badala ya kununa alikaa akasikiliza. Aliporudi Chicago alianza warsha na vijana wa genge la Blackstone Rangers, kisha na vijana washairi waliokuja kukutana nyumbani kwake: Don L. Lee, Carolyn Rodgers, Walter Bradford na wengine. Siku moja walimchukua hadi kwenye baa ya mtaani, wakasimama na kuwasomea wanywaji mashairi. Wanywaji wakasikiliza.

Agosti ya mwaka huo aliombwa kusoma kwenye sherehe mbili, na akazisoma zote. Ya kwanza ilikuwa katikati ya mji, meya akizindua sanamu kubwa ya chuma ya Picasso. Ya pili ilikuwa South Side, penye jengo chakavu ambalo wasanii walikuwa wamelichora ukutani sura za mashujaa weusi na kuuita Ukuta wa Heshima. Sura yake mwenyewe ilikuwamo. Mashairi yote mawili aliyaweka katika In the Mecca, kitabu cha mwaka 1968.

Shairi kuu la kitabu hicho, lenye mistari zaidi ya 800, ndilo ushahidi wangu mzito. Mecca lilikuwa jengo la fahari lililojengwa Chicago mwaka 1892, lenye kumbi zilizoezekwa vioo na ngazi za chuma cha nakshi. Kadiri miaka ilivyopita lilijazwa wapangaji weusi mpaka likafurika, likaachwa lichakae, na mwaka 1952 likabomolewa ili taasisi ya teknolojia ijenge mahali pake jumba la kioo la shule ya usanifu majengo. Brooks alilijua kwa ndani: alipomaliza chuo katikati ya Mdororo Mkuu, kazi aliyopata ilikuwa ya ukarani kwa mganga mmoja aliyeuza humo dawa za mapenzi na bahati. Kwa miaka mingi alijaribu kuiandika Mecca kama riwaya, ikakataa. Katika shairi, Bi. Sallie, mtumishi wa nyumbani, anarudi kutoka kwa matajiri wake, anaanza kupika, kisha anagundua kwamba binti yake mdogo, Pepita, hayupo. Anabisha mlango hadi mlango. Kila anayefungua ana lake: mmoja anakumbuka utumwa, mwingine anahubiri, mwingine anaota mapinduzi, mwingine ana mashairi kichwani. Hakuna aliyemwona mtoto. Pepita anapatikana ameuawa, chini ya kitanda cha mmoja wa majirani.

Kitabu hiki huitwa mlango wa kuingilia kipande cha pili cha maisha yake. Mimi naona mtaa uleule wa 1945, mlango kwa mlango, na mshairi aliyebeba jengo lile kifuani tangu akiwa karani wa miaka ishirini. Kilichoongezeka ni swali analowatupia wenzake: katika kelele za dini, siasa na mapenzi, nani alikuwa anamwangalia mtoto? Swali hilo halielekezwi kwa weupe hata kidogo.

Baada ya hapo alitenda jambo ambalo waandishi wachache wenye tuzo wamethubutu. Aliwaacha Harper. Riot, diwani yake fupi iliyotokana na ghasia za Chicago baada ya kuuawa Martin Luther King, aliipeleka mwaka 1969 kwa Broadside Press, mchapishaji mdogo aliyeanzishwa Detroit na mshairi na mkutubi Dudley Randall. Baadaye alichapa na Third World Press, ambayo Don L. Lee alishiriki kuianzisha Chicago mwaka 1967, na hata kwa jina la kampuni yake mwenyewe, The David Company, iliyobeba jina la baba yake. Gharama yake ilikuwa kubwa. Nakala zilikuwa chache, maduka makubwa hayakuziweka, na magazeti yaliyomsifu mwaka 1950 yalikaa kimya. Wahakiki waliosema kuwa ushairi wake ulififia baada ya 1968 mara nyingi hawakuwa na vitabu vyenyewe mkononi. Nakiri kuwa baadhi ya mashairi ya miaka hiyo ni mepesi kuliko ya awali. Alitaka yaeleweke na mtu wa baa akiyasikia mara moja. Huo ni uamuzi wa kisanaa, nasi tuna wajibu wa kuupima kama uamuzi.

Ni katika miaka hiyo Kiswahili kilipoingia kwenye mazingira yake. Vijana wa Chicago na Los Angeles walikuwa wanatafuta lugha ya Afrika isiyo mali ya kabila moja: sikukuu ya Kwanzaa ilianzishwa 1966, Don L. Lee akawa Haki Madhubuti, na mshairi mwingine wa kundi la Brooks akajiita Johari Amini. Mwaka 1971 Brooks mwenyewe akaja Afrika Mashariki, akaandika kuhusu safari hiyo katika tawasifu yake. Alikuja na hamu ya kutambuliwa kama ndugu. Akakuta wenyeji wa Nairobi wanajiita Waafrika, na yeye wanamwita Mmarekani mwenye asili ya Afrika, hata akitamani vipi udugu. Inaniuma kila ninapozisoma kurasa zile, kwa kuwa sisi ndio wenyeji wenyewe. Hatukuwa na nia mbaya, ila tulimpokea kama mgeni mtu aliyedhani anarudi.

Naamini jambo hilo lilimwachia msimamo. Miaka ya mwisho, Marekani ilipokubaliana kutumia jina linalounganisha Afrika na Amerika, Brooks alilikataa waziwazi. Alitaka kuitwa Mweusi, kwa sababu jina hilo lilimweka katika ukoo mmoja na watu wa Brazili, wa London, wa Johannesburg na wa hapa kwetu, bila kumdai cheti cha nchi. Mwaka 1986 alichapa diwani iliyopewa jina la shairi kuhusu mvulana wa Afrika Kusini aliyeishi kando ya Johannesburg katika siku za ubaguzi, na mvulana huyo ni ndugu wa wale wa Bronzeville kwa kila hali.

Vyeo alivipata. Mwaka 1968 alirithi nafasi ya mshairi Carl Sandburg kama malenga wa jimbo la Illinois, akaishika mpaka alipofariki. Mwaka 1985 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mshauri wa ushairi wa Maktaba ya Bunge mjini Washington. Aliingia mashuleni na magerezani, na zawadi za mashindano ya watoto washairi alizitoa mfukoni mwake kwa miaka mingi.

Lakini kwa hoja yangu, tarehe inayonihusu ni 1987. Mwaka huo alikusanya kazi zake katika juzuu moja nene na kuichapa mwenyewe chini ya jina la baba yake. Aliweka humo A Street in Bronzeville na soneti zake, Annie Allen na fahari yake yote, Maud Martha nzima, wale vijana wa pool, mwanamke wa jikoni Mississippi, Mecca, hadi mvulana wa Johannesburg. Wahakiki walikuwa wamemgawa vipande viwili kwa miaka 20. Yeye aliyaweka yote chini ya jalada moja, ya kabla ya 1967 na ya baada yake, na jalada hilo akaliandika neno moja tu: Blacks.